Keke ya Baba Watoto

Akina mama wenzangu, kazi yangu ni uuguzi, na kila Jumamosi mchana mimi na wenzangu wachache wa kanisani huzunguka kutembelea wagonjwa majumbani hapa Pemba. Katika nyumba nyingi nimeona jambo moja. Baba akilala kwa maradhi marefu, kitu cha kwanza kutoka nyumbani si kabati wala redio, bali ni vyombo vyake vya kazi. Wavu unauzwa. Msumeno unaazimwa na haurudi. Cherehani inapelekwa kwa shangazi. Hakuna mwenye nia mbaya. Fedha za dawa zinatakiwa, na vyombo vilivyolala pembeni vinamsikitisha kila anayevitazama. Lakini nimeiona pia sura ya mgonjwa siku ile vyombo vyake vinapopita mlangoni.

Ndiyo sababu nimeona niwaandikie habari ya chombo kimoja ambacho hakikutoka nyumbani kwangu. Ni keke ya mume wangu. Nitaeleza kilivyotufaa, na nitaeleza pia mambo ya vifaa na vipimo, maana huenda nyumbani kwako kuna fundi, au mtoto wa fundi, ambaye yatamsaidia.

Keke ni kitu gani?

Siku hizi ukitaja keke, wengi wanafikiria ile ya chuma yenye mkono uliopinda. Keke ya asili ya pwani yetu ni ya mti, na sehemu zake nne zina majina. Kimatu ni chuma chembamba kinachotoboa. Msukano ni mti wa mviringo unaobeba kimatu. Jivu, wala si lile la jikoni, ni kishikio kinachokaa juu ya msukano. Fundi hulikandamiza kwa mkono mmoja, na msukano huzunguka ndani yake. Sehemu ya nne ni uta. Kamba ya uta huzungushwa mara moja kwenye msukano, kisha fundi huvuta na kusukuma, mbele na nyuma, kama mtu anayepiga msumeno. Msukano unazunguka, kimatu kinakula mti.

Chombo hiki ni cha kale kupita kiasi. Huko Misri, katika kaburi la mkubwa mmoja wa serikali aliyeitwa Rekhmire, iko picha ya maseremala wakitoboa mbao kwa uta namna hiyohiyo, na picha hiyo ina zaidi ya miaka 3,400. Kwetu sisi keke ni chombo cha waunda majahazi na mashua. Msumari wa chombo cha baharini haugongwi tu kwenye ubao, kwa kuwa ubao utapasuka. Kwanza hutobolewa tundu kwa keke, ndipo msumari uliozungushiwa pamba yenye mafuta ukaingizwa, ili maji yasipate njia.

Mume wangu alijifunza kazi kwa mzee mmoja muunda mashua, katika miaka ya tisini. Wakati ule umeme wa kisiwa chetu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na vijiji vingi havikuwa nao kabisa. Ilikuwa mpaka mwaka 2010 ndipo waya wa umeme ulipolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, zaidi ya kilometa 70, ukatufikia. Mzee yule alipozeeka alimwachia mume wangu keke yake. Mume wangu hakuendelea na mashua, alishika kazi ya samani: vitanda, makabati, milango na madawati. Keke ilining'inia ukutani, ikitumika mara mojamoja, hasa umeme ulipokatika.

Mkono wa kulia

Mwezi wa Machi mwaka 2019 mume wangu alipatwa na kiharusi. Alikuwa akijua kwamba ana presha, lakini vidonge alivinywa kwa vipindi. Akijisikia nafuu, anaviweka kando. Wanaume wengi ndivyo walivyo, nanyi mnajua. Asubuhi moja aliamka uso umekwenda upande, maneno yanateleza, mkono na mguu wa kulia hauna nguvu. Tulimfikisha hospitali mapema, na kwa rehema za Mungu alibaki nasi.

Baada ya wiki chache maneno yalirudi. Baada ya miezi miwili alitembea kwa fimbo. Mkono ndio uliokawia. Kwa wasiojua, mkono uliopigwa na kiharusi mara nyingi huamka kuanzia juu kwenda chini. Bega huanza, kiwiko hufuata, na kiganja na vidole huja mwisho, au havirudi sawasawa kabisa. Mume wangu aliweza kupeleka mkono mbele na kuurudisha. Kugeuza kiganja, kama mtu anayefungua kitasa, hakuweza.

Sasa fikiri fundi samani asiyeweza kugeuza kiganja. Kushika bisibisi na kukaza parafujo ni kazi ya kiganja mwanzo hadi mwisho.

Mtaalamu wa viungo alimpa mazoezi. Moja lilikuwa kuweka taulo mezani, kuweka mkono mgonjwa juu yake, na kufuta meza mbele na nyuma mara nyingi. Mume wangu alilifanya kwa siku tatu, akaacha. Akaniambia, "Mama watoto, mimi si mtu wa kufuta meza." Nikamwelewa. Mtu aliyejenga nusu ya milango ya mtaa hawezi kushinda akifuta meza isiyo na uchafu.

Ni wakati huohuo alipokuja mnunuzi. Alikuwa akizunguka vijijini kutafuta vitu vya kale vya kupamba hoteli: mbuzi za kukunia nazi, vinu, makasha na keke. Alitoa shilingi 60,000. Ndugu wa mume wangu walisema tuchukue. Kijana wetu mkubwa, ambaye naye ni fundi, alisema baba ameshafanya kazi ya kutosha, sasa apumzike, yeye atabeba nyumba. Yalikuwa maneno ya mtoto mwema, na fedha zilitakiwa kweli, maana nilikuwa nimeshakopa mshahara wa mbele.

Mume wangu alikaa kimya muda mrefu. Mwisho alisema, "Mkono ndio uliolala. Mimi sijalala."

Nilimwambia mnunuzi keke haiuzwi. Alipoondoka niliitungua ukutani, maana nilikuwa nimelinganisha mambo mawili. Kufuta meza mbele na nyuma, na kuvuta uta mbele na nyuma, ni mwendo mmoja. Tofauti ni kwamba uta unaacha tundu.

Vidole vyake havikuweza kushika uta, hivyo nilikata kitambaa laini, nikafanya kitanzi, nikaufunga mkono kwenye uta bila kuukaza. Mkono wa kushoto, ulio mzima, ulikandamiza jivu. Siku ya kwanza alivuta kwa dakika tano, akatokwa jasho kama aliyepanda mlima. Kila siku tuliongeza kidogo. Bega likiuma, tunaacha siku hiyo, kwa sababu bega la mgonjwa wa kiharusi huumia upesi likilazimishwa. Mazoezi ya mtaalamu hakuyaacha tena, na vidonge vya presha alivinywa kila siku. Keke haikuchukua nafasi ya dawa, mwelewe hapo. Ilichofanya ni kumpa sababu ya kuamka.

Mwezi wa nane alikuwa akitoboa ubao wa mfenesi kwa matundu yaliyonyooka.

Kwa nini uta haukazi parafujo

Lakini tundu tupu halilishi watoto. Zamani samani zilishikwa kwa ndimi za mbao, gundi na misumari. Leo mteja anataka kitanda kinachofunguka ili akihama kipite mlangoni. Bawaba, vitasa, reli za droo, vyote vinafungwa kwa parafujo. Na parafujo nyingi madukani ni zile za nyota, zenye msalaba kichwani. Msalaba huo una historia yake. Mmarekani Henry F. Phillips wa mji wa Portland alipata hataza zake mwaka 1936, na kiwanda cha magari ya Cadillac kikawa cha kwanza kati ya viwanda vya magari kuzitumia. Uzuri wake ni kwamba ncha ya bisibisi hujiweka yenyewe katikati. Ubaya wake ni kwamba usipoikandamiza sawasawa, ncha hupanda na kuruka nje, na ikiruka mara tatu au nne msalaba unakuwa shimo la mviringo. Hapo parafujo haiingii wala haitoki.

Mume wangu alijaribu bisibisi kwa mkono wa kushoto. Kukandamiza na kugeuza kwa wakati mmoja, kwa mkono usiozoea, kulimshinda. Parafujo sita, vichwa sita vimeharibika.

Kijana wetu akapata wazo. Madukani zinauzwa ncha fupi za bisibisi, ambazo mafundi huziita biti. Zimetengenezwa kuingia kwenye drili ya umeme. Mkia wake una pembe sita, na upana wake ni robo inchi, yaani milimita 6.35. Kipimo hicho ni kimoja duniani kote, iwe biti imetoka China au Ujerumani. Kijana akasema, kwa nini tusiitie biti kwenye msukano badala ya kimatu? Baba avute uta, parafujo izame.

Mume wangu alicheka, kicheko cha kwanza tangu Machi. Alimwachia ajaribu. Parafujo iliingia mizunguko mitatu, kisha uta uliporudi, ikatoka mizunguko mitatu. Mbele na nyuma, mbele na nyuma, na parafujo palepale.

Hesabu yake ni rahisi. Msukano wenye upana wa sentimita 4 una mzingo wa karibu sentimita 12 na nusu. Ukivuta uta sentimita 40, unazunguka mara tatu na kidogo. Ukiurudisha, unazunguka idadi ileile kinyume. Kwa kutoboa hilo si tatizo, kwa sababu kimatu cha asili kimenolewa kama mkuki, kinakula pande zote mbili, kwenda na kurudi. Parafujo haijui kurudi. Inataka upande mmoja tu mpaka mwisho.

Wakati huo jirani yetu, bibi mmoja mcheshi, alikuwa amekaa barazani akitazama. Akasema, "Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao, lakini na mbacha nao usiufanye tanga la jahazi." Tulicheka, ila lilikuwa neno la hekima. Keke ya uta ina kazi yake, na kazi ya kukaza ilihitaji ndugu yake.

Kipande cha kuunganisha

Ndugu yake alikuwa chini ya sanduku: keke ya chuma yenye mkono uliopinda kama goti, ambayo mume wangu aliinunua kwa fundi mmoja aliyestaafu. Hii huzunguka upande mmoja, upendao. Juu ina kitako cha mti cha kukandamiza kwa kiganja au kwa kifua. Katikati kuna mkono wenye kishikio cha mti. Chini kuna taya mbili za kushika chuma cha kutobolea.

Nilipoitazama kwa macho ya muuguzi niliona neno kubwa. Kishikio kile cha katikati kinazunguka chenyewe juu ya chuma. Anayeishika hahitaji kugeuza kiganja hata kidogo. Bega na kiwiko ndivyo vinavyochora duara, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vimeamka.

Tena iko faida ya nguvu. Mkono wa keke ile huchora duara la inchi 10, maana yake kishikio kiko karibu sentimita 12 na nusu kutoka katikati. Mpini wa bisibisi ya kawaida ni mnene kama sentimita 3, hivyo mkono unafanya kazi sentimita moja na nusu tu kutoka katikati. Gawanya mwenyewe. Nguvu ileile ya mkono huzidishwa kama mara nane. Mkono dhaifu ukizidishiwa mara nane unakuwa mkono wa kazi.

Tatizo lilibaki moja. Taya za keke zile za zamani zilitengenezwa kushika mkia wa pembe nne, mpana huku na mwembamba kule. Biti ina mkia wa pembe sita, tena mfupi. Ukiifunga hivyohivyo inakaa upande, na ukikaza kwa nguvu inateleza.

Baba na kijana walikaa pamoja jioni tatu wakichora kwa kipande cha chaki sakafuni. Walichofanya ni hiki. Walichukua chuma cha keke kilichovunjika ncha, wakakata na kubakiza ule mkia wa pembe nne. Kisha wakanunua kishikio cha biti, ambacho ni kijibomba kifupi cha chuma chenye sumaku ndani, cha bei ndogo, kinachopatikana dukani pale zinapouzwa biti. Fundi wa kuchomelea akaunganisha mkia na kijibomba.

Cha kwanza kiliharibika mara mbili. Kilikaa kombo, kwa hiyo biti ikawa inachora duara badala ya kusimama mahali pamoja. Na moto wa kuchomelea uliua sumaku. Cha pili fundi alivilaza vipande vyote viwili ndani ya chuma cha pembe ili vinyooke, akavibana, na kile kijibomba alikizungushia kitambaa kibichi kilicholowa maji ili joto lisifike kwenye sumaku. Kilitoka kimenyooka, na sumaku hai.

Siku hiyo mume wangu aliegemeza kitako cha keke kifuani, mkono wa kushoto ukasaidia kukandamiza, nami nikaufunga mkono wa kulia kwenye kishikio kwa kitanzi kilekile cha kitambaa. Parafujo ilizama mpaka kichwa kikalingana na ubao. Haikuruka. Kukandamiza kwa kifua kulimaliza ule ugonjwa wa parafujo za nyota kuruka.

Msukano nao haukuachwa. Waliuweka kijibomba kingine cha biti kwa gundi ngumu ya kuchanganya, mahali pa kimatu cha zamani. Sasa biti za nyota zikilika ncha, hazitupwi. Kijana huzisaga kwenye jiwe la kunolea mpaka zinakuwa vimatu vyenye umbo la mkuki, huku akizichovya majini kila mara ili chuma kisipate joto na kulainika. Ziko pia biti za kutobolea za dukani zenye mzunguko kama kamba, lakini kwa keke ya uta hazifai sana, kwani zinakula upande mmoja tu, na uta ukirudi zinasugua bure.

Kwa hiyo kazi inakwenda hivi: keke ya uta inatoboa, keke ya chuma inakaza, na biti ileile inayokufa kwenye keke moja inafufuka kwenye nyingine.

Kitanda cha bibi harusi

Mwanzoni alitengeneza vigoda na kurekebisha mabenchi ya watoto wa shule ya Jumapili. Hakuna aliyeleta kazi kubwa. Watu walikuja kumpa pole na kumwachia chochote mkononi, naye alipokea kwa heshima, lakini usiku hakula vizuri. Mgonjwa anaweza kushiba chakula na kuona njaa ya heshima.

Mwezi wa kwanza mwaka 2020 jirani yetu mmoja, Mwislamu, mama wa watoto sita, alikuja akiwa na binti wa kuozwa. Akataka kitanda cha tano kwa sita, cha mfenesi, chenye kichwa cha kuchonga. Nilikuwa jikoni, nikasikia bei ikitajwa. Kisha nikamsikia mama yule akisema bei hiyo ni kubwa mno, kwa fundi fulani angepata kwa chini. Mume wangu akajibu kwa fundi fulani aende. Wakavutana karibu nusu saa.

Akina mama, sijawahi kufurahi hivyo kusikia mtu akigombana na mume wangu juu ya bei. Mgonjwa wa kuhurumiwa haombwi apunguze. Fundi ndiye huombwa.

Kitanda kile zamani angekimaliza kwa siku nne. Kilimchukua siku kumi na moja. Kilikuwa na parafujo 32, na zote alizikaza mwenyewe. Kijana alisaidia kubeba mbao na kupiga randa. Bibi harusi alilala juu yake, na mpaka leo hakijalia.

Mwaka 2021 kijana alileta drili ya kuchaji kutoka Dar es Salaam. Sitaki kusema uongo, ni chombo kizuri, kinafanya kwa dakika moja kazi ya robo saa. Kwa miaka miwili kilitufaa sana. Kisha betri ikachoka, na bei ya betri mpya ikawa karibu sawa na kununua mashine nyingine. Tulipopata fedha tulinunua, na sasa nyumbani vipo vyombo vyote. Umeme ukiwapo na betri ikiwa nzima, drili inafanya kazi. Visipokuwapo, kazi haisimami. Mume wangu leo anageuza kiganja kidogo, si kama zamani. Kitanzi cha kitambaa hakihitaji tena.

Ya kuzingatia kwa wenye mafundi

Nimeulizwa na akina mama kadhaa, basi nayaweka hapa kwa mpangilio.

Kwanza, toboa kabla ya kukaza. Kwa parafujo ya milimita 4, mti mgumu kama mfenesi, msaji au mninga unataka tundu la milimita 3; mti laini unataka milimita 2 na nusu. Ukipita bila tundu, mti unapasuka au parafujo inakatika.

Pili, linganisha biti na parafujo. Biti za nyota zina namba. PH2 ndiyo inayofaa parafujo nyingi za samani, PH1 ni ya ndogo na PH3 ya kubwa. Zipo pia zinazoandikwa PZ, ambazo msalaba wake una vijistari vidogo katikati ya mikono. Hizo si ndugu na PH, ukizichanganya utaharibu vichwa.

Tatu, paka nyuzi za parafujo nta ya mshumaa. Inaingia kwa wepesi, na mkono dhaifu unashukuru. Sabuni nayo inalainisha, lakini inavuta unyevu, na kwa hewa yetu ya chumvi parafujo itashika kutu upesi.

Nne, keke ya chuma ina nguvu nyingi. Kichwa cha parafujo kikikaribia ubao, punguza mwendo, usije ukaikata.

Tano, kwa aliyepatwa na kiharusi, usianze na lolote kabla ya kumwona daktari na mtaalamu wa viungo. Mkono ufungwe kwa kitambaa laini, usikazwe, na uangaliwe rangi na uvimbe mara kwa mara, kwa kuwa mkono uliopooza huenda usihisi maumivu. Asiachwe peke yake na chombo chenye ncha. Na usimwonee haya kumwambia basi kwa leo.

Kabla hujauza

Sisemi kila chombo kibaki. Kuna maradhi ambayo hayamrudishi mtu kwenye kazi, na kuna siku ambayo dawa ni muhimu kuliko msumeno. Ninachoomba ni kwamba kabla chombo hakijatoka mlangoni, umuulize mwenyewe, maana ni chake. Kisha mtazame mwili wake kwa uangalifu: kiungo gani kimelala, na kipi kimeamka? Halafu kitazame chombo: kinataka mwendo gani wa mwili? Pengine kinachotakiwa ni kipande kidogo cha kuunganisha, cha bei ndogo kuliko unavyodhani. Mshonaji asiyeweza kukanyaga anaweza kuzungusha gurudumu kwa mkono. Mvuvi asiyeweza kwenda bahari kuu anaweza kushona nyavu za wengine.

Na washirikishe watoto. Kijana wetu alitaka kumpumzisha baba yake kwa mapenzi, lakini zile jioni tatu za chaki sakafuni zilimfundisha mambo ambayo baba hakuwahi kuyasema alipokuwa mzima na mwenye haraka. Sasa anajua kutumia uta. Mzee yule muunda mashua alikwisha kufariki, lakini mkono wake bado unafanya kazi Pemba.

Mwisho kabisa, kama fundi wako ni mzima, mshukuru Mungu, na wiki hii mpeleke akapimwe presha. Kipimo kikionyesha 140 kwa 90 au zaidi, arudi tena siku nyingine ili ihakikishwe. Akipewa vidonge, avinywe kila siku, hata akijisikia vizuri. Na ukiona uso umekwenda upande, mkono umelegea, au maneno yanateleza, usingoje jioni wala usitafute wa kumsugua mafuta. Mkimbize hospitali saa ileile.